«Iko wapi mu Biblia?» Pasaka, mahari na namna yetu ya kuuliza

Mu mwezi wa tatu 2024, juma mbili mbele ya Pasaka, mwanafunzi mmoja wa kalasi yangu alinirudishia karatasi za mchezo. Tulikuwa tunatayarisha mchezo mdogo wa Pasaka, na yeye ndiye angekuwa Petro, juu ana sauti kubwa na hana haya. Akaniambia: «Prof, papa amekataza. Ku kanisa walifundisha kama Pasaka haiko mu Biblia. Ni sikukuu ya mungu-mke wa wapagani.» Nikamuuliza: «Na wewe unasema nini?» Akatazama chini. «Mimi sijue, Prof. Lakini ni papa analipa minerval.»

Kisha siku tatu katekista jirani yangu alisikia habari hii. Akacheka, akafungua Biblia ya Kiswahili kwa Matendo ya Mitume 12:4, akaweka kidole kwa neno: Pasaka. «Si hii hapa? Maneno imeisha.»

Maneno haikuisha. Kwa maoni yangu wote wawili, pasta na katekista, wanasoma vibaya, tena wanasoma vibaya kwa namna moja. Ndiyo nataka kueleza mu kurasa hizi. Na kama mtu anauliza mambo ya Pasaka inatafuta nini mu buku ya desturi zetu, jibu ni hili: ulizo «iko wapi mu Biblia?» imekuwa leo panga ya kukatia desturi zetu moja moja. Mahari, matanga, jina la babu, pombe ya kumwaga chini, zote zinapita chini ya panga hiyo. Inafaa basi tuangalie kama panga yenyewe inakata sawa.

Tuanze na kidole cha katekista. Matendo 12 inaeleza namna Mfalme Herode alimtia Petro mu gereza wakati wa siku za mikate isiyochachwa, akakusudia kumtoa mbele ya watu Pasaka ikiisha kupita. Pasaka hiyo ni ya nani? Ni ya Wayahudi. Ni ile ya Kutoka 12, ya damu ku miimo ya milango na mkate bila chachu. Herode hakungoja Wakristo wamalize kuimba Aleluya! Kwa hiyo kuonyesha mstari huu kusema kama sikukuu yetu ya Ufufuko imeandikwa pale, ni sawa na kukuta jina «Jean» mu gazeti na kusema wameandika juu ya mjomba wako.

Kosa hili liko na mizizi mu luga. Kifaransa kinatenga: wanasema la Pâque, na artikle, bila s, kwa sikukuu ya Wayahudi, na Pâques, na s, bila artikle, kwa sikukuu ya Wakristo. Louis Segond, ambaye Biblia yake nzima ilitoka 1880 na ambayo wengi wetu tulisoma ku masomo, anafuata sheria hiyo. Niungame hapa: mwaka moja nilimkata mwanafunzi pointi mbili mu diktee sababu aliandika Pâque bila s. Kisha nikasoma tena maandiko yenyewe: yalikuwa yanasema juu ya Musa. Alikuwa na haki, mimi sikuwa nayo. Kiswahili, yeye, kiko na neno moja tu, Pasaka, na neno hilo linabeba sikukuu mbili ku mgongo mmoja. Watafsiri wa Union Version ya 1952 hawakukosea. Waliandika neno lililokuwa mu Kigiriki, pascha, ambalo limetoka kwa Kiebrania pesach. Lakini msomaji wetu, akiona Pasaka mu Biblia, anaona nguo mpya, korali na mchele na nyama. Hakuna mtu alimwambia kama kati ya ukurasa na sahani yake kuko barabara ndefu.

Sasa pasta. Maneno yake kuhusu mungu-mke nayafahamu vizuri, yanazunguka ku telefone zetu kila mwaka, mu Kifaransa na mu Kiingereza, na picha ya sungura na mayai. Wanasema «Easter» ni jina la Ishtar wa Babeli. Maneno haya si ya zamani sana. Aliyeyasambaza ni Alexander Hislop, mchungaji wa Scotland, mu kitabu chake The Two Babylons cha miaka ya 1850. Alisikia majina mawili yanafanana kwa sikio, akayafunga ndoa. Kitu kilicho na msingi kidogo ni kingine: mtawa Mwingereza Beda, mu mwaka 725, aliandika kama watu wa kwao walikuwa na mwezi ulioitwa kwa jina la mungu-mke Eostre, na kama jina la mwezi ule lilihamia ku sikukuu ya Wakristo. Ni yeye peke yake wa zamani anayemtaja mungu-mke huyo.

Tuseme Beda alisema kweli. Inatuhusu nini sisi? Jina hilo ni la Waingereza, na Wajerumani na Ostern yao. Wafaransa, Waitaliano, Wareno, Wagiriki, Warusi na sisi Waswahili tunasema neno la Musa. Ni Waingereza wenyewe walitia fujo mu Biblia yao: William Tyndale alitumia «ester» mu Agano Jipya ya 1526, kisha, alipotafsiri vitabu vya Musa mu 1530, akatunga neno jipya, «Passover». Biblia ya King James ya 1611 ikasahihisha karibu pahali pote, ila mstari mmoja ukabaki na Easter. Mstari gani? Matendo 12:4! Kumbe pasta na katekista wanapigana ku mstari uleule, mmoja kwa Kiingereza cha telefone, mwingine kwa Kiswahili, na hakuna anayejua kama mwenzake yuko pale. Pasta anachukua ugonjwa wa neno la Kiingereza anautibu kwa mgonjwa wa Kiswahili asiyekuwa nao. Na mayai? Mu kartie yetu yai la Pasaka nani aliliona? Sisi tunachinja mbuzi.

Juu ya mbuzi nataka kukaa kidogo, sababu hapa Biblia inatupendeza. Watu wengi wanafikiri sheria ilidai mwana-kondoo tu. Kutoka 12:5 inaruhusu mnyama atolewe kwa kondoo ao kwa mbuzi, dume la mwaka mmoja, lisilo na kilema. Mstari wa 4 unasema kama nyumba ni ndogo kwa mnyama mzima, ishirikiane na jirani. Yeyote aliyekaa hapa Bukavu miaka ya mishahara isiyolipwa anajua vizuri namna nyumba tatu zinagawana mbuzi mmoja. Hatukujua kama tunashika sheria ya Musa. Wanakula usiku uleule, viatu mu miguu, fimbo mu mkono, haraka haraka, kama watu wanaokimbia. Hata hilo halihitaji maelezo marefu kwetu.

Basi, Pasaka iko wapi mu Biblia? Jibu la kweli halitoshi mu mstari mmoja. Sikukuu ya kukombolewa Misri iko, tena pahali pengi: Yoshua anaifanya Gilgali, Mfalme Yosia anairudisha kisha miaka mingi ya kuisahau (2 Wafalme 23), Yesu mwenye miaka kumi na miwili anapelekwa kwayo Yerusalemu na wazazi (Luka 2). Yohana peke yake anahesabu Pasaka tatu mu maisha ya Yesu ya kufundisha. Kufa na kufufuka wakati wa Pasaka iko mu Injili zote ine, ijapo hazipatane juu ya siku: kwa Marko, karamu ya mwisho ni chakula cha Pasaka chenyewe, kwa Yohana, Yesu anahukumiwa siku ya matayarisho, mbele watu hawajala. Wataalamu wanajadili hilo mpaka leo, mimi sitalikata hapa. Lakini amri ya kusema «kila mwaka mfanye sikukuu ya Ufufuko» haiko. Paulo anakaribia zaidi, mu 1 Wakorinto 5, anapomwita Kristo Pasaka yetu na kuomba sikukuu ifanywe bila chachu ya uovu. Hata pale anasema zaidi juu ya mwenendo kuliko juu ya kalendari.

Sikukuu yenyewe ilikomaa kisha mitume. Karibu mwaka 190 Wakristo wa Asia walikuwa wanaifanya siku ya 14 ya mwezi pamoja na Wayahudi, hata ikianguka siku ya kazi. Roma ilitaka siku ya Mungu tu. Askofu Victor wa Roma alitaka kuwakatia mbali wale wa Asia, Polycrates wa Efeso akamjibu kwa nguvu kama yeye anashika aliyopokea kwa wazee wake. Ninapenda jibu hilo. Mzee wetu yeyote wa kijiji angelisema vile. Mtaguso wa Nicea mu 325 ndio ulitaka wote wawe na siku moja, na hata hivi haikudumu: tangu kalendari ya Gregori ya 1582 njia zimeachana, ndiyo maana mu 2024 sisi tulikuwa na Pasaka tarehe 31 Machi na Waortodoksi, kama wale Wagiriki wa Lubumbashi, tarehe 5 Mei.

Kwa hiyo pasta ana haki nusu, na nusu hiyo haimsaidie. Maana kama kipimo ni «isiyoandikwa ikatazwe», aende mbele na kipimo chake tuone atabaki na nini. Tarehe 25 Desemba haiko. Luka hasemi mwezi wala siku, na Wakimbangu wanaofanya Noeli tarehe 25 Mei hawavunji mstari wowote. Wenye hekima watatu hawako: Matayo 2 anataja zawadi tatu, watu hakuwahesabu, tena waliingia mu nyumba, si mu zizi. Tofaa la Eva haliko, ni tunda tu, lisilo na jina. Sisi tuliliita pomme sababu Walatini walikuwa na neno moja, malum, kwa uovu na kwa tofaa, na wachoraji wa Ulaya wakapenda mchezo huo. Veronika wa Njia ya Msalaba haoneki mu Injili yoyote. Matawi ya Jumapili ya Matawi, Yohana peke yake anasema ni ya mitende. Luka anataja nguo zilizotandikwa, tawi hata moja hapana. Na Maria Magdalena si yule mwanamke mwenye zambi wa Luka 7; ni Papa Gregori Mkubwa aliyewaunganisha mu mahubiri ya 591, na wanawake wengi walihukumiwa kwa jina lake bure.

Nilipowatajia wanafunzi orodha hiyo walifurahi sana, kama watu walioshika mwalimu mu kosa. Nilijuta kidogo. Kubomoa ni rahisi, na kijana wa miaka kumi na sita anapenda nyundo. Mmoja akasema: «Basi, Prof, tulidanganywa tangu utoto.» Hapana. Pango la Noeli na ngombe wake, msalaba na vituo vyake kumi na ine, ni namna watu walivyokumbuka. Ni desturi. Ubaya unaanza siku desturi ya mmoja inavaa nguo ya Maandiko ili kufukuza desturi ya mwingine.

Na hapa ndipo nilitaka kufika. Mu ndoa moja niliyoitwa mwaka 2023, muhubiri alisema mbele ya wazee wa jamaa mbili kama mahari ni ya kishenzi, «haiko mu mpango wa Mungu». Bibi-arusi alikuwa amevaa kanzu nyeupe na rido refu, kulikuwa keki ya ngazi tano, pete, gari zilizofungwa utepe. Wazee walinyamaza, kwa adabu. Mimi pia nilinyamaza, na ninaandika leo sababu kimya hicho kinaniwasha.

Kanzu nyeupe ya arusi, tafuta kutoka Mwanzo mpaka Ufunuo: haiko. Imeenea sana tangu Malkia Victoria wa Uingereza alipoivaa mu 1840. Keki haiko. Pete ya ndoa haiko. Iko pete ya Farao ku mkono wa Yosefu, na pete ya mwana mpotevu. Lakini mahari! Yakobo anatumika miaka saba kwa Raheli, wanamdanganya, anatumika saba ingine. Shekemu anawaambia ndugu za Dina waongeze mahari vile watakavyo. Kutoka 22 inaweka sheria: aliyemshawishi binti alipe. Sauli anamdai Daudi mahari ambayo siwezi kuitaja mbele ya watoto, iko mu 1 Samweli 18. Mahari iko mu Biblia kuliko keki, kuliko Noeli, na hata sheria yetu ya familia ya 1 Agosti 1987 inaitambua. Muhubiri alikuwa na mizani mbili: kilichotoka kwa babu alikidai mstari, kilichotoka Ulaya alikipitisha bila kufungua mzigo.

Matanga vile vile. Wanatuambia siku moja inatosha, kulala ku kilio ni upagani. Yosefu alimlilia baba yake siku saba, Waisraeli walimlilia Musa siku makumi tatu, na marafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Ninajua mtu mmoja tu mu kartie yetu anayeweza kukaa na mfiwa namna hiyo, na haendi kanisa.

Lakini nisiwadanganye wapenzi wa desturi, maana nao wanaanza kuchukua panga hii hii kwa mkono wa kushoto. Nimesikia mzee mu mkutano wetu akisema kurithi mjane ni sawa sababu iko mu Kumbukumbu la Torati 25. Iko kweli. Ila asome mpaka chini: pale ndugu wa marehemu ndiye anayesukumwa, na akikataa, mjane anamvua kiatu mbele ya wazee na kumtemea mate mu uso. Kwetu ni mjane anayesukumwa, na anayetemewa ni yeye. Vilevile wake wengi wa Yakobo wako, utumwa uko, na Mambo ya Walawi 19 inakataza kujichanja mwili kwa ajili ya wafu, Kumbukumbu 18 inakataza kuwauliza wafu habari. Kukuta kitu mu Biblia si kukipatia ruhusa, na kukikosa si kukifukuza. Maaskofu wetu walilifahamu hilo: Misa ya desturi ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mu 1988, inawaita wahenga wenye moyo mnyofu mwanzoni mwa ibada, na hakuna mstari unaosema fanyeni hivi. Walipima maana yake.

Maana ndiyo ulizo ambayo Kutoka 12 yenyewe inatazamia. Mstari wa 26 unasema siku moja watoto watauliza wazazi kazi hii maana yake ni nini kwenu. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara ninaona kitu: mtoto yule haulizi imeandikwa wapi. Baba naye hajibu kwa kutaja sura na mstari, anasimulia ule usiku. Mimi, mwalimu wa diploma, nilipitisha miaka karibu makumi mbili nikifundisha watoto kutafuta ukurasa, na sikuwahi kuwafundisha kuuliza vile mtoto wa Kutoka anauliza. Mzee akimwaga pombe kidogo chini mbele ya kunywa, kijana wetu anauliza «hiyo iko wapi?» na mzee, ambaye hana ukurasa, anaona haya na kuacha. Angeliulizwa maana, angeliongea mpaka asubuhi.

Mchezo wa 2024 ulichezwa bila Petro wangu; msichana mmoja mfupi alichukua nafasi yake na aliimba vizuri kumpita. Mwaka uliofuata hatukucheza. Vita iliingia Bukavu mu mwezi wa pili 2025, jamaa nyingi zikaachana, na Pasaka ikaanguka 20 Aprili, mwaka huo siku moja kwa Wakristo wote, Waortodoksi pia.

Jumatatu yake yule kijana alikuja kwangu na daftari. Alikuwa ametafuta neno Pasaka mu Biblia nzima, ku kila kitabu ameandika sura na mistari kwa bic nyekundu, bila kuambiwa na mtu. Alitaka kunionyesha pahali pamoja tu, Hesabu 9. Pale watu fulani wanakuja kwa Musa kulalamika: waligusa maiti, hawakuweza kufanya Pasaka na wengine, kwa nini wakatazwe? Na Mungu anawapatia siku ingine, ya 14 ya mwezi wa pili, kwa aliyegusa maiti na kwa aliye mbali mu safari.

«Prof, kumbe kuko Pasaka ya pili. Papa iko ngambo ya ziwa tangu mwezi wa pili. Akirudi, tunaweza kufanya yetu?»

Nilimwambia amuulize papa yake. Papa yake alirudi mu mwezi wa sita. Sijui kama walichinja. Lakini mu mwezi wa tisa kijana alikuja kuomba tena karatasi za Petro.